Ofisini, nyumbani au mseto: kuchagua mpango wa kazi kwa timu ndogo

Tangu 2020 nimesimamia timu moja kwa mipango mitatu: wote ofisini, wote nyumbani, na sasa mseto, yaani siku nyingine ofisini na nyingine nyumbani. Tuko watu 14, Dar es Salaam, na kazi yetu ni kutunza vitabu vya hesabu vya maduka, hoteli ndogo na wasafirishaji. Kalenda yetu haibembelezeki. Tarehe 7 ya kila mwezi makato ya PAYE, kodi ya mishahara, yawe yamelipwa, tarehe 20 ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iwe imeingia TRA, mamlaka ya mapato, na mteja akipigwa faini ya kuchelewa, simu ya kwanza inalia kwangu.

Wenzangu wanaosimamia watu huniuliza mpango upi ni bora, na mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye uvivu: mtu akiwa nyumbani, si atalala? Nilikuwa na hofu hiyohiyo. Siku hizi naona hofu hiyo inatupotezea muda. Mkongwe wa kazi ataifanya popote utakapomweka, na mvivu ni mvivu hata ukimketisha mbele ya meza yako. Anayeguswa zaidi na uamuzi wako ni yule aliyeingia kazini miezi mitatu iliyopita, hajui amuulize nani, na anaogopa kuonekana hajui. Kwa hiyo mipango hii mitatu nitailinganisha huku jicho langu likiwa kwa mgeni huyo.

Wote ofisini

Huu ndio mpango tuliokulia nao, na kampuni kubwa zinaurudia. Yahoo chini ya Marissa Mayer iliwaita watu wake ofisini mwaka 2013. IBM ikawaita sehemu ya wafanyakazi wake 2017. Septemba 2024 Andy Jassy wa Amazon aliwaandikia wafanyakazi wa ofisi kwamba kuanzia Januari 2025 watafika siku tano kwa wiki, badala ya tatu. Hoja yao wahenga wetu walishaisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hoja hiyo ina ukweli, na ukweli wake unamhusu yule mgeni. Kwetu, kijana anayeanza hukaa meza ya pili kutoka kwa mhasibu mkongwe. Anamsikia akizungumza na mteja ambaye risiti za mashine yake ya EFD hazilingani na mauzo aliyoyataja. Anasikia sauti inavyoshushwa, anasikia ni swali gani linaulizwa kwanza, anamwona mkongwe akikata simu na kutulia kidogo kabla ya kuandika chochote. Hakuna aliyemwita kumfundisha, lakini mwezi wa pili ukifika naye anajua kuongea na mteja mwenye hasira. Nimejaribu mara kadhaa kuliandika somo hilo kwenye mwongozo wetu. Halikai kwenye karatasi.

Ari nayo ofisini hujengwa na mambo ambayo kiongozi hayapangi: chai ya saa nne, bahasha ya mchango wa harusi inayozungushwa mezani, pole ya msiba inayotolewa kwa kushikana mikono. Mtu anajua ana watu.

Gharama yake ni barabara. Anayetoka Chanika au Kibaha kuja Mwenge anaamka saa kumi alfajiri, na jioni foleni inamfikisha nyumbani watoto wamelala. Saa hizo hakuna anayemlipa. Kiongozi naye hudanganyika kirahisi, kwa sababu viti vikijaa anaona kama kazi inakwenda. Mashine ya vidole mlangoni inakwambia nani amefika saa mbili kasorobo. Haikwambii kama vitabu vya mteja vimefungwa.

Neno kwa anayetaka kuwarudisha watu baada ya kuwazoesha nyumbani: kinachovunja moyo zaidi ni tangazo la ghafla. Tulipotangaza kurudi mara ya kwanza, tuliwapa watu wiki moja. Kuna aliyekuwa amehamia Bagamoyo kwa ajili ya kodi nafuu. Kuna aliyeacha kuweka dada wa kazi kwa kuwa alikuwa nyumbani na mtoto. Wote walitii, na ndani ya miezi minne wawili waliandika barua za kuacha kazi. Laiti tungewapa miezi mitatu na kuwaeleza sababu bila kuzungukazunguka, naamini mmoja wao angekuwa bado nami.

Wote nyumbani

Jaribio ninalolipenda kuhusu mpango huu lilifanyika Shanghai. Kampuni ya safari ya Ctrip ilikuwa na kituo kikubwa cha huduma kwa wateja, na mmoja wa waanzilishi wake, James Liang, akashirikiana na mwanauchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford kupima jambo hili kwa uangalifu. Mwishoni mwa 2010 waliwauliza wafanyakazi 996. Karibu nusu walitaka kufanyia kazi nyumbani, na 249 wakatimiza masharti. Waliozaliwa tarehe shufwa walikaa nyumbani siku nne kati ya tano. Wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa utendaji wa walioko nyumbani ulikuwa juu kwa asilimia 13, sehemu kubwa kwa kuwa walipumzika mara chache na kuugua siku chache, na sehemu ndogo kwa kuwa nyumbani palikuwa na utulivu. Walioacha kazi walipungua kwa nusu.

Viongozi wengi wakisikia asilimia 13 wanafunga mjadala. Mimi huwaomba wayarudie masharti. Ili kushiriki ilibidi mtu awe na angalau miezi sita kazini, awe na intaneti nyumbani, na awe na chumba cha kufanyia kazi bila mtu mwingine ndani. Mgeni hakuwemo kabisa katika jaribio lile. Na hicho chumba? Vijana wetu wengi wanapanga chumba kimoja Sinza au Mbagala, wengine wanakaa wawili wawili, au bado wako kwa shangazi ambako sebuleni televisheni haizimwi. Nilipowapeleka timu yangu nyumbani, nusu yao hawakuwa na mlango wa kufunga. Sikuuliza. Niligundua baadaye, nilipomsikia mmoja akiongea na mteja kwa kunong'ona.

Kuna mambo mengine mawili katika jaribio lile yasiyosimuliwa sana. La kwanza: ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, aliyeko nyumbani alikuwa na nafasi ndogo ya kupandishwa cheo. Asiyekuwepo na lake halipo, kama tusemavyo kwenye mgawanyo wa nyama. La pili: jaribio lilipokwisha na kila mtu akaruhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili mawazo yao ya awali, wengi wakitaja upweke. Na hapo kila mmoja alipokaa anapomfaa, faida ikapanda hadi karibu asilimia 22. Hilo la mtu kuchagua mwenyewe naliona kubwa kuliko lile la asilimia 13.

Upweke huo nimeuona. Mwaka 2021 tulimwajiri binti kutoka Morogoro, amemaliza chuo karibuni, ana akili kali, na tukamwacha aanze akiwa kwao. Tulimtumia kompyuta, modemu na orodha ya wateja. Kila asubuhi aliandika "nipo" kwenye kundi la WhatsApp, nami niliweka kidole gumba. Kazi yake ilikuwa safi. Mwezi wa tano akaaga. Nilipompigia kumuuliza, akaniambia, "Dada, kuna siku nilikaa saa tatu na jambo la dakika tano. Niliona nikiuliza nitakusumbua." Hakuwa amelalamika hata mara moja, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa utulivu. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile sijamwacha mgeni aanze peke yake akiwa mbali.

Wapo wanaoufanya mpango huu vizuri. Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, imekuwa na watu waliotawanyika tangu 2005, na 2017 iliamua kuifunga ofisi yake ya San Francisco kwa kuwa karibu hakuna aliyekuwa akienda. GitLab, kampuni ya programu za kompyuta, ina wafanyakazi katika nchi zaidi ya 60 na haina makao makuu ya kwenda kila siku. Ukitazama wanavyoendesha mambo, siri yao ni maandishi. Mwongozo wa kazi wa GitLab uko wazi mtandaoni, una maelfu ya kurasa, na mfanyakazi anatarajiwa kutafuta humo kwanza kabla ya kuuliza mtu. Uamuzi usioandikwa kwao ni kama haujafanyika. Wazee wa pwani wangewaelewa upesi: barua ni nusu ya kuonana. Hata hivyo Automattic kwa miaka mingi imekuwa ikiwakusanya watu wake mahali pamoja kwa siku kadhaa, maana nusu ile nyingine nayo inadai haki yake.

Thamani ya maandishi tuliijua Mei 2024. Tarehe 12, siku ya Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania na kwa majirani. Zilibaki siku nane kufika tarehe ya VAT. Mikutano ya video ikafa palepale. Nilikuwa na vikundi viwili. Kimoja kilizoea kuelekezwa kwa video kila asubuhi, na asubuhi ile ya Jumatatu hakikujua kianzie wapi. Kingine kilikuwa na karatasi ya hatua kwa kila mteja, imehifadhiwa ndani ya kompyuta ya kila mtu. Hicho kiliendelea bila intaneti, kikatuma mafaili usiku wa manane mtandao ulipopata nguvu kidogo. Ujumbe wa maneno unapenya kwenye mtandao mwembamba. Sura yako haipenyi. Anayetaka kuongoza watu wa mbali kutoka upande huu wa bahari alipange hilo mapema, pamoja na posho ya bando na jibu la swali la umeme wa LUKU ukiisha nani anaulipa.

Kuhusu programu za kuchungulia kioo cha kompyuta ya mfanyakazi, kuhesabu anavyogusa kipanya na kumpiga picha kila baada ya muda: nimeziona, nimetembelewa na wanaoziuza, na nimekataa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na picha ya sebule ya mtu si kitu cha kukusanya ovyo. Hata sheria ukiiweka kando, mtu anayechunguliwa hujifunza kugusa kipanya. Hatari ninayoiona zaidi nyumbani iko upande wa pili kabisa, mtu asiyejua kuzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mtu wa nyumbani huzipita bila kelele, kwa sababu kompyuta iko hapo kando ya kitanda. Kwetu ujumbe wa kazi baada ya saa kumi na mbili jioni haujibiwi mpaka kesho, na wa kwanza kulitii hilo ni mimi.

Na salamu. Kwenye maandishi kiongozi husahau salamu, anaandika tu "tuma faili la mteja yule". Ofisini ungeingia, ungesalimu, ungeuliza za nyumbani, ndipo ungedai faili. Kwa anayesoma akiwa peke yake chumbani, ujumbe usio na salamu ni ujumbe wa mtu aliyekasirika, na atashinda nao siku nzima akijiuliza amekosa nini.

Mseto

Jaribio la pili la Bloom na wenzake, lililochapishwa mwaka 2024, lilifanyika katika kampuni ileile, ambayo sasa inaitwa Trip.com. Safari hii walikuwa watu 1,612 wenye shahada, katika uhandisi, masoko na fedha. Sehemu yao waliruhusiwa kukaa nyumbani Jumatano na Ijumaa. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi, hasa wanawake, wasio mameneja na wenye safari ndefu ya kwenda kazini. Tathmini za utendaji na vyeo havikuyumba kwa miaka miwili iliyofuatiliwa. Mameneja, ambao kabla walitabiri kazi itashuka kwa asilimia 2.6, baada ya kuuona mpango walisema imepanda kwa asilimia 1.

Ukiyapanga majaribio haya mawili ubavu kwa ubavu, siku mbili za nyumbani zilibakiza watu bila kumnyima mtu cheo, wakati siku nne za nyumbani zilibakiza watu zaidi lakini zikawafanya wasahaulike. Kazi zilikuwa tofauti na miaka imepita kati yake, kwa hiyo sitaki kuvuta kamba hiyo hadi ikatike. Ila inaendana na ninachokiona mezani kwangu.

Ubaya wa mseto ni kwamba ukiuachia ujiendeshe unakupa hasara za pande zote mbili. Mtu anapigana na foleni kutoka Tegeta, anafika ofisini, anawakuta wenzake hawapo, anavaa spika za masikioni na kushinda kwenye mkutano wa mtandaoni. Au watu wanne wako chumbani na watatu kwenye kioo. Wa chumbani wanacheka, wanakubaliana jambo wakati wa kutoka mlangoni, na wa kwenye kioo wanalisikia kesho yake. Watafiti waliofuatilia wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani mwaka 2020, kazi zilipohamia nyumbani, waliona vikundi vikijifungia vyenyewe na madaraja kati ya kikundi na kikundi yakipungua. Mseto usiopangwa unajenga ukuta huohuo ndani ya kikundi kimoja.

Tulijaribu siku maalumu za wiki, Jumanne na Alhamisi, tukaona hazina maana kwa kazi yetu. Sasa tunafuata kalenda ya kodi. Tarehe 3 hadi 7, na 15 hadi 20, ukiondoa siku za mapumziko, wote ofisini, kwa sababu hapo ndipo maswali yanamiminika na mtu anahitaji jibu sasa hivi. Siku zilizobaki ni za kuoanisha taarifa za benki na kufunga vitabu, kazi ya kukaa kimya, na hizo kila mtu anachagua pa kukaa. Mwenye nyumba yenye kelele anakuja. Ofisi iko wazi na haulizwi kwa nini. Mkutano ukiwa na hata mtu mmoja aliye mbali, sote tunaingia kila mmoja na kompyuta yake, hata tuliokaa meza moja. Mwanzoni walilalamika. Sasa walioko mbali wanaongea.

Uchague upi

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wametumia miongo mingi kueleza kwamba mtu hufanya kazi kwa moyo anapopata vitu vitatu: kujiamulia, kuona anaimudu kazi, na kuwa na watu wake. Mimi huvitumia kama mizani. Nyumbani kunampa mtu kujiamulia kwa wingi. Ofisini kunampa watu, na kama ni mgeni, kunampa kuimudu kazi upesi zaidi. Mkongwe ameshaimudu na watu anao, kwa hiyo anachokosa ni uhuru. Mgeni uhuru utamlemea kabla hajajua pa kukanyaga. Ndiyo maana amri moja kwa wote, iwe ya kurudi au ya kubaki, humwacha mmoja wao akipungukiwa.

Kama timu yako wote wana zaidi ya mwaka, kazi yao inaonekana kwa matokeo, na umeshaandika taratibu zenu hadi mtu anaweza kumaliza siku bila kukupigia simu, nenda nyumbani kabisa na utumie fedha za pango la ofisi kuwakutanisha mara chache kwa mwaka. Kama hujaandika, usianze. Utakuwa unaongoza kwa simu kutwa nzima, nao watachoka kukusubiri. Kama kazi yenu ni ya papo kwa papo, au nusu ya watu ni wapya, au wengi wao hawana chumba cha kufunga mlango, ofisi ni huruma kwao, ila pigania wafike saa tatu badala ya saa mbili ili foleni iwapungue. Rwanda ilisogeza mwanzo wa siku ya kazi hadi saa tatu asubuhi kuanzia Januari 2023, ikaacha saa moja kabla ya hapo iwe ya hiari. Kwa jiji lenye foleni kama letu ningelichukua hilo kesho.

Timu nyingi ninazozijua ziko katikati, kwa hiyo ningeziambia mseto, kwa sharti kwamba siku za ofisini zitoke kwenye kazi yenyewe na siku za nyumbani mtu ajichagulie. Na wakati wa kupandisha vyeo, kabla sijasaini huweka orodha ya majina kando ya hesabu ya siku za ofisini. Waliopendekezwa wakiwa ni walewale ninaokunywa nao chai, narudia kusoma kazi za wengine.

Mwezi ujao tunapokea wawili wapya. Wataanza tarehe 21, vurugu za VAT zikiwa zimepita, na wataketi ofisini miezi mitatu ya mwanzo kila siku. Mkongwe atakayekaa nao nimeshamwondolea wateja watatu ili apate muda wa kuulizwa. Amenijibu anakubali, mradi Ijumaa abaki kwake Kigamboni.